Maswali ya Wasomaji: Ajali ya Pikipiki Inapoondoka na Maneno

Kwa miezi mitatu sasa, barua na ujumbe mwingi unaoletwa katika safu hii unazungumzia jambo moja: mtu ameumia kichwa katika ajali ya pikipiki, vidonda vimepona, amerudi nyumbani, lakini usemi wake haukurudi pamoja naye. Barua zimetoka Dodoma mjini, Bahi, Mpwapwa na Manyoni. Nimechagua tano, nikazifupisha na kuficha majina ya walioandika. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake yamo maswali ambayo familia nyingi zimeuliza kwa namna mbalimbali.

Swali: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 29 na ni dereva wa bodaboda. Mwezi wa nne aligongwa na gari dogo usiku, barabara ya kwenda Singida, akiwa hana kofia. Alilazwa wiki tano na akapasuliwa kutoa damu iliyovilia upande wa kushoto wa kichwa. Sasa anatembea, ila mkono wa kulia bado ni mzito. Tatizo kubwa ni maneno. Kila kitu kwake ni "kesho". Akitaka maji anasema "kesho". Akimwita mtoto ni "kesho, kesho", mpaka anapiga ukuta kwa hasira. Ajabu ni kwamba jirani akimsalimia anaitikia vizuri, na Jumapili kanisani aliimba pambio lote bila kukosea. Mashemeji zangu wanasema anaigiza ili asirudi kazini, wengine wanasema akili imekuwa ya mtoto. Nimempa daftari aandike, anachora mistari tu. Je, akili imekwenda? Atapona? *Mke na mama wa mtoto mmoja, Nkuhungu, Dodoma.*

Jibu: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Akili ya mume wako haijakwenda. Ushahidi umeuandika mwenyewe katika barua yako: anapiga ukuta. Anajua alichotaka kusema, anasikia kwamba kilichotoka mdomoni sicho, na kinamuuma. Mtu asiyejua kinachoendelea hana sababu ya kukasirikia neno lililokosewa.

Hali aliyonayo kwa kitaalamu huitwa afasia, yaani kuharibika kwa lugha kunakotokana na jeraha la ubongo. Takriban watu 95 kati ya 100 wanaotumia mkono wa kulia hutunza lugha katika upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana damu iliyovilia kushoto imemwachia mambo mawili kwa pamoja, mkono mzito na maneno yasiyotoka. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akijibu karibu kila swali kwa silabi moja tu, "tan", ingawa mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. "Kesho" ya mume wako ni ndugu wa ile "tan": ni neno moja lililobaki karibu na mlango, na kila neno jingine likitaka kutoka, hilo hulitangulia.

Kuhusu salamu na pambio, ndugu wengi hukwazwa hapo na kuanza kumshuku mgonjwa. Lugha tunayoitunga upya kila tunapozungumza hupita njia moja, na maneno tuliyoyarudia maelfu ya mara tangu utotoni yana njia zake nyingine. Kuitikia "salama" au "marahaba", kuhesabu moja mpaka kumi, kutaja siku za wiki, kusali Baba Yetu au kusoma Alhamdu, kuimba wimbo unaoujua, hata kutukana kwa hasira, vyote hivyo vinaweza kubaki vizima kwa mtu asiyeweza kuomba kijiko. Waambie mashemeji kwamba hakuna anayeigiza ugonjwa kwa ustadi wa namna hiyo. Na pambio lile msiliache. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wametumia uimbaji na mdundo kuwavuta wagonjwa wa aina hii warudi kwenye usemi: maneno mafupi yanayohitajika kila siku, kama "naomba maji", yanaimbwa taratibu huku mkono wa kushoto ukipiga mdundo mezani kwa kila silabi, kisha sauti ya uimbaji inapunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki maneno. Nanyi mnaweza kuanza hivyo nyumbani, dakika kumi na tano asubuhi na jioni, kwa maneno matano tu. Mkiweza hayo matano, ongezeni mawili.

Daftari halikusaidia kwa sababu afasia hugusa lugha nzima, ikiwemo kusoma na kuandika, na hata kuelewa anachoambiwa hupungua kwa kiasi fulani, hasa watu wanapozungumza haraka au kwa mkupuo. Hata namba ya siri ya simu inaweza kumpotea, si kwa usahaulifu, bali kwa sababu tarakimu nazo ni lugha. Kwa hiyo mpe vitu anavyoweza kuvionyesha: kikombe chenyewe, picha za mtoto na ndugu kwenye simu, mchoro wa choo, wa kitanda, wa kanisa. Zimeni redio, aongee mtu mmoja kwa wakati mmoja, na sentensi ziwe fupi. Mwulize maswali ya ndiyo na hapana, lakini kwanza pimeni kama ndiyo yake ni ndiyo kweli, kwa kumwuliza mambo mnayoyajua, kwa mfano kama hapa ni Mwanza au kama mtoto wake ni wa kike. Wengine husema "ndiyo" huku wakimaanisha hapana; dole gumba juu au chini huwa la kuaminika zaidi.

Jambo gumu kuliko yote hayo ni kungoja. Ukimwuliza, hesabu kumi moyoni kabla hujaongeza neno. Usimmalizie sentensi kama hajakuomba kwa macho, na usijifanye umemwelewa wakati hujamwelewa, mwambie wazi, "Hilo sijalipata, tujaribu tena." Na msimfanyie mtihani mbele ya wageni kwa kumwambia "hebu sema kikombe, sema". Nimewaona wanaume wazima wakijifunika shuka usoni kwa kufanyiwa hivyo.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii, tulikuwa na kijana wa bodaboda wodini ambaye kila asubuhi aligusa unyayo wake wa kushoto na kupiga kelele. Tulimpa dawa ya maumivu, tukapiga picha ya mguu, hatukuona kitu, tukaandika kwenye faili kwamba hana ushirikiano. Siku ya tisa mama yake aliyetoka kijijini alikaa naye nusu saa bila kusema neno, akimfuata macho tu, kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Ndani ya kiatu cha kushoto, chini ya soli ya ndani, kulikuwa na hesabu ya wiki nzima ya tajiri wake, yaani mwenye pikipiki, noti zilizokunjwa vizuri na kukaukiwa na damu pembeni. Kijana alikuwa akilinda deni lake. Maneno yale niliyoyaandika kwenye faili siwezi kuyafuta, lakini sijayaandika tena kwa mgonjwa mwingine yeyote.

Umeuliza kama atapona. Ahueni kubwa huonekana katika miezi ya kwanza mitatu hadi sita, kwa kuwa uvimbe hupungua na sehemu za ubongo zilizobaki hujipanga upya. Baada ya hapo mwendo hupungua, lakini hausimami. Watu huendelea kuongeza maneno kwa miaka, ilimradi wanaendelea kuzungumza na kuzungumzishwa. Anayekwambia kwamba miezi sita ikipita mlango umefungwa, usimsikilize. Hata hivyo sitakuahidi kwamba atarudi kama alivyokuwa, kwa kuwa hilo hutegemea ukubwa wa jeraha, nami sijamwona. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno nchini na wengi wao wako Dar es Salaam, lakini mnaweza kuanzia kitengo cha utengamao, yaani cha kumrudishia mgonjwa uwezo wake, cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au cha Benjamin Mkapa, mkaulize juu ya rufaa. Safari ya Dar es Salaam kwa treni ya SGR imekuwa ya saa chache, na hata mkimwona mtaalamu mara moja tu, atawapa mpango wa mazoezi mtakaoufuata nyumbani kwa miezi.

Yapo mambo mawili ambayo sitaki yakupite. La kwanza: akianza kuumwa kichwa kunakozidi siku hadi siku, kusinzia mchana kuliko kawaida, kutapika, au maneno machache aliyoyapata yakaanza kupungua, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu damu inaweza kuvilia polepole wiki kadhaa baada ya kuumia au baada ya upasuaji. Fanyeni vivyo hivyo akipata degedege, au akiwa anakodoa macho na kunyamaza ghafla kwa dakika moja kisha anazinduka. Pombe asiionje.

La pili ni karatasi. Umegusia mwishoni mwa barua yako ndefu kwamba upande wa mwenye gari umeleta maandishi ya kuyamaliza nyumbani na wanataka aweke dole gumba. Asiweke. Mtu mwenye afasia ana haki ya kuamua mambo yake, lakini ni lazima kwanza aelezwe kwa namna anayoielewa, taratibu, kwa mifano, na kwa fedha zenyewe zikihesabiwa mbele yake, tena zaidi ya siku moja ili muone kama jibu lake ni lilelile. Tunzeni fomu ya polisi ya PF3 na karatasi zote za hospitali, na mtafuteni msaidizi wa kisheria. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni dereva wa bodaboda, Kizota. Mwaka jana nilivunjika taya na kuumia kichwa. Ninajua ninachotaka kusema, na kuandika ninaandika kama unavyoona, lakini ulimi ni mzito na sauti inatokea puani kama ya mlevi. Abiria wakinisikia wanahamia pikipiki nyingine, na askari aliwahi kunisimamisha akidhani nimekunywa. Tena siku hizi nikinywa maji ninapaliwa. Kuna dawa? *Dereva, Kizota.*

Jibu: Nianze na hilo uliloliandika mwishoni kama jambo dogo, kwa sababu ndilo kubwa. Kupaliwa na maji mara kwa mara baada ya kuumia kichwa kunaonyesha kwamba koo haliifungi njia ya hewa kwa wakati, na maji yanaweza kushuka kwenye mapafu na kuleta nimonia. Nenda ukapimwe umezaji wiki hii. Wakati unangoja, kula na kunywa ukiwa umekaa wima, funda dogo dogo, usiongee huku ukimeza, na usilale mara tu baada ya kula. Ukipata homa, kikohozi chenye makohozi au pumzi kubana, usingoje wiki iishe.

Usemi wako una tatizo tofauti na la mume wa msomaji wa Nkuhungu. Kwako lugha ni nzima, na barua yako haina kosa. Kilichoumia ni mishipa ya fahamu na misuli inayoendesha midomo, ulimi, kaakaa na pumzi, na hali hiyo huitwa disathria. Sauti hutokea puani pale kaakaa laini linaposhindwa kunyanyuka na kuifunga njia ya pua. Kidonge cha kulitibu hakuna. Mwombe daktari wa meno na taya akutazame kama taya liliunga sawasawa na kama meno yanakutana. Kisha fanya mazoezi ya kuzungumza kwenyewe: soma gazeti kwa sauti dakika kumi, mara tatu kwa siku, vuta pumzi kabla ya kila kifungu, punguza mwendo nusu, na fungua mdomo kuliko unavyoona inafaa. Jirekodi kwa simu kila Jumamosi uone unavyokwenda. Kuna watu watakaokwambia upulize puto au utoe ulimi nje mara mia kwa siku. Sikushauri upoteze muda huko, kwa kuwa ulimi hujifunza kusema kwa kusema.

Mwombe daktari wako barua fupi yenye mhuri inayoeleza kwamba usemi wako umetokana na jeraha la kichwa, iweke pamoja na leseni, na umwonyeshe askari kabla hujafungua mdomo. Katika kumbeba abiria, nakusihi usiendelee mpaka daktari aseme wazi kwamba macho, wepesi wa kuamua na hatari ya kifafa vimetazamwa. Najua kila siku unayokaa ni hesabu isiyopelekwa. Bado nakusihi.

Swali: Mimi ni bibi, ninaishi Bahi. Mjukuu wangu ana miaka 22, alikuwa fundi ujenzi huko mjini. Pikipiki aliyopanda iliingia kwenye lori lililosimama bila taa. Tangu azinduke anasema Kigogo tu, nacho cha kukatakata. Kiswahili anakielewa ila hakijibu. Jirani mmoja anasema ni mizimu ya ukoo inadai, mwingine anasema ana kimeo kirefu, akatwe. Hospitali mmoja alituambia tumsemeshe Kiswahili peke yake ili asichanganyikiwe. Mimi Kiswahili changu chenyewe ni cha kubahatisha, barua hii ameniandikia mtoto wa jirani. *Bibi, Bahi.*

Jibu: Shikamoo, bibi. Mbukwenyi.

Kimeo asikatwe. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakina uhusiano na kupotea kwa maneno baada ya kuumia kichwa, na kukikata kunaweza kuleta kutokwa na damu nyingi na maambukizi ya kuua. Kijana aliyetoka kuumia hana damu ya kupoteza.

Kuhusu lugha mbili, ubongo wa mtu aliyekua na Kigogo nyumbani na Kiswahili shuleni huzitunza zote, na jeraha moja huweza kuzigusa kwa viwango tofauti. Wataalamu wa Ufaransa walibishana juu ya hili tangu zamani: mwaka 1881 Théodule Ribot alisema kwamba lugha iliyojifunzwa kwanza ndiyo irudiyo kwanza, na mwaka 1895 Albert Pitres akasema kwamba hurudi kwanza ile iliyokuwa ikitumika zaidi. Leo tunajua kwamba hakuna kanuni moja inayowafaa wote. Wengi hupata nafuu katika lugha zote mbili kwa pamoja, na wachache lugha moja huitangulia nyingine, kama ilivyo kwa mjukuu wako. Jambo hili linatokana na jeraha, halina deni la mtu. Kama ukoo unataka kufanya sala au tambiko ili mioyo itulie, hilo ni lenu, mradi asinyweshwe kitu, asichanjwe, na kliniki isiachwe.

Aliyewaambia mmsemeshe Kiswahili peke yake alikuwa na nia njema, lakini ushauri huo usiufuate. Lugha iliyo hai ndiyo ya kuanzia. Mwongeleshe Kigogo chako, bibi, chote, kwa utulivu. Mtajie majina ya ng'ombe aliowachunga, mwulize mlenda upikwe na nini, mwanzishie hadithi uliyomsimulia akiwa mdogo kisha unyamaze mahali ambapo yeye huitikia. Wagogo mna utajiri mwingine ambao mimi huwaonea wivu: nyimbo zinazoimbwa kwa sauti nyingi, mmoja akianzisha na wengine wakipokea. Anayepokea hahitaji kutunga neno, anahitaji kuingia kwa wakati wake tu, na kwa mtu aliyepoteza maneno huo ni mlango mpana. Waite vijana wenzake jioni waimbe naye. Kiswahili kitafuata kadiri nguvu zinavyorudi, na kisiporudi chote, atakuwa na lugha ya kuombea chakula na ya kuongea nawe.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Mpwapwa. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alianguka akiwa amepakiwa mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja. Alizimia kama nusu saa. Kipimo cha CT hakikuonyesha kitu, akaruhusiwa. Sasa anaongea vizuri kabisa, hata kupita kiasi: anaanza na swali la Baiolojia anaishia kwenye mpira, anarudia jambo alilolisema asubuhi, anamjibu mwalimu bila adabu, na alikuwa mtoto mpole. Maksi zimeshuka. Walimu wenzangu wanasema ni balehe. *Mwalimu, Mpwapwa.*

Jibu: Mwalimu, umeona jambo ambalo hata hospitali hulikosa. Kichwa kinaposimama ghafla, ubongo huendelea kusogea na kujipinda ndani ya fuvu, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake huvutika na kuchanika mahali pengi. Majeraha hayo ni madogo mno, na picha ya CT inaweza kuonekana safi huku mtoto akiwa ameumia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia tusiseme kila linalokuja na inayotushikia uzi wa mazungumzo, ndiyo hupigwa mara nyingi. Kwa hiyo maneno yapo, sarufi ipo, na kilichopungua ni mshika usukani wa mazungumzo.

Mtoto huyu anahitaji kurudi hospitali atazamwe upya, na mzazi aende na maandishi yako yenye tarehe na mifano, kama ulivyoniandikia. Darasani mweke mbele, mbali na dirisha. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja na umwombe alirudie kwa maneno yake. Awe na daftari dogo mfukoni la kuandika alichokwisha kusema na anachotakiwa kufanya. Akipotea katikati ya maelezo, kubalianeni alama ya siri, labda ukigusa meza, arudi kwenye swali. Hiyo inamtunzia heshima mbele ya wenzake. Uchovu wake ni wa kweli, hivyo masomo magumu yawe asubuhi. Asicheze mpira wa kugongana wala asipande tena pikipiki hadi daktari aruhusu, kwa kuwa kuumia mara ya pili kabla ya kupona ya kwanza ni hatari zaidi. Na mtihani wa kidato cha nne utafika haraka: ulizeni mapema Baraza la Mitihani juu ya muda wa ziada, mkiwa na karatasi za daktari mkononi.

Viboko kwa utovu huu wa adabu havitamfundisha kitu. Waonyeshe walimu wenzako jibu hili kama litasaidia.

Swali: Mimi ni kiongozi wa kijiwe cha bodaboda hapa Manyoni. Mwaka huu wenzetu wawili wameumia kichwa. Tufanye nini pale barabarani kabla ya gari kufika? Na mmoja amerudi kijiweni kukaa tu, hasemi zaidi ya maneno mawili matatu, nasi tunaishia kunyamaza kwa aibu. *Kiongozi wa kijiwe, Manyoni.*

Jibu: Kiongozi, la barabarani kwanza. Zuieni magari yasiwapitie, pigeni 112, na mmoja ashike kichwa cha majeruhi kwa mikono miwili kisiyumbe. Msimnyanyue kwa kushika mikono na miguu kama gunia, msimwagie maji, msimnyweshe chochote. Kofia msiivute kama anapumua vizuri. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa kikienda na kiwiliwili. Mtu mmoja aangalie saa na kukumbuka alizimia muda gani na neno la kwanza alilosema lilikuwa nini. Daktari atayahitaji yote mawili.

Kuhusu kofia ngumu, tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kufa kwa takriban asilimia 42. Hiyo ni kofia iliyofungwa mkanda kidevuni. Ile inayoning'inizwa kwenye usukani kwa ajili ya askari haina kazi. Abiria wanaokataa kofia kwa sababu ya jasho la mwenzao au misuko ya nywele wana hoja, hivyo wekeni vitambaa safi vya kuvaa ndani, kila abiria na chake.

Sasa mwenzenu. Kuja kwake kijiweni ni tiba, na kimya chenu kinaipunguza. Mpigieni stori kama zamani, ila mmoja mmoja, na pikipiki zikiwa zimezimwa. Mwulizeni mambo anayoweza kujibu kwa kichwa au kidole: nani kafunga jana, bei ya mafuta imepanda au imeshuka. Katika simu yake wekeni picha za watu na mahali anapotaka kwenda, stendi, hospitali, kwa mama yake, ili aonyeshe. Kama anaweza kutambua sura na namba za pikipiki, mpeni daftari la zamu alishike. Aweke alama ya tiki kwa anayeondoka. Asibebe abiria. Akianza neno na kukwama katikati, kaeni naye mpaka litoke au mpaka yeye mwenyewe alitupe kwa mkono. Abiria akija wakati huo, atachukuliwa na anayefuata kwenye foleni.